Kuuza Mashine Uliyoiunda Mwenyewe



Juma hili tunaandika juu ya mauziano ya mashine. Yamkini wapo watakaojiuliza paroko anatafuta nini katika biashara ya vyuma. Jibu letu ni fupi: familia moja ya parokia yetu hapa Dar es Salaam ilituomba tuwe shahidi wa mauziano hayo, na kwa kuwa baba na mwana walikuwa wameacha kusemezana kwa sababu ya bei, ushahidi ule ukageuka kuwa kazi ya majuma matatu. Familia imeturuhusu kuyaandika haya, mradi tusitaje majina.

Mwenye mashine ni seremala wa miaka 67. Wengi wenu mmekaa juu ya mabenchi yake bila kujua, na gitaa la besi linalopigwa na kwaya yetu kila Dominika ni kazi yake pia. Macho yake yamepatwa na ule ugonjwa uitwao presha ya macho, ambao humla mtu uwezo wa kuona pembeni kidogo kidogo, na daktari alikwisha kumweleza kwamba kilichopotea hakirudi. Kinachowezekana ni kukilinda kilichobaki. Mtu asiyeona pembeni hafai kusimama karibu na kisu kinachozunguka mara 24,000 kwa dakika. Basi mzee akaamua kuuza wakati angali anaona kiasi cha kumfundisha mnunuzi. Aidha, lilikuwapo deni la SACCOS lililotokana na matibabu hayo hayo.

Tuieleze kwanza mashine yenyewe, kwa maana bila kuielewa, ugomvi wa bei hautaeleweka. Mafundi huiita CNC, kwa herufi zake za Kiingereza, nayo ni ruta ya mbao inayoongozwa na kompyuta. Ruta ya kawaida fundi huishika kwa mikono miwili na kuisukuma juu ya ubao. Katika mashine hii, mota ya kukatia imefungwa kwenye daraja la chuma linalotembea juu ya reli: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Kila mwelekeo una mota yake ndogo, ambayo haizunguki mfululizo kama ya feni bali kwa hatua, 200 kwa kila mzunguko. Kifaa cha umeme hugawa kila hatua mara 8, zikawa 1,600. Skrubu ndefu inayozungushwa na mota hiyo husogeza daraja milimita 5 kwa mzunguko mmoja. Ukigawanya, utapata hatua 320 kwa kila milimita. Namba hiyo ikikosewa ndani ya kompyuta, hakuna kipimo kitakachotoka sawa hata ubao uwe mzuri namna gani.

Wazo lenyewe si la jana. Huko Marekani, mwenye kiwanda mmoja wa Michigan aitwaye John Parsons alitafuta namna ya kutengeneza mapanga ya helikopta kwa usahihi mkubwa kuliko mkono unavyoweza. Kazi hiyo ikaendelezwa katika chuo cha MIT, ambako mwaka 1952 ilionyeshwa mashine iliyokata chuma kwa kufuata namba zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Kutoka viwanda vya ndege ikaingia taratibu katika mbao. Kampuni ya magitaa ya Taylor ya California, iliyoanzishwa mwaka 1974, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa tayari inachonga sehemu za magitaa yake kwa mashine za namna hii. Tunalitaja hili kwa sababu waimbaji wetu wawili waliwahi kulalamika kwamba gitaa lililochongwa na kompyuta si kazi ya mikono. Waende wakamtazame mzee akipiga msasa shingo ya gitaa kwa siku mbili, kisha waseme tena.

Aliiunda yeye mwenyewe, kuanzia mwaka 2015 hadi 2017. Fremu ilitokana na mabomba ya chuma ya pembe nne aliyoyanunua hapa mjini na kuyachomelea. Reli, skrubu na mota aliagiza China, kidogo kidogo, kila alipolipwa milango ya mtu. Kompyuta ni ya zamani, yenye lile tundu refu la printa la pini 25, ambalo kompyuta za siku hizi hazina. Programu inayoiendesha ni LinuxCNC, isiyouzwa, ambayo asili yake ni kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Alipomaliza kuchomelea, fremu ilikuwa imejipinda kwa joto, kama chuma kinavyojipinda. Hakuwa na mashine ya kuisawazisha. Alikata makopo ya soda, ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, akayapachika chini ya reli, kipande hapa na kipande pale, huku akipima, kwa muda wa miezi miwili. Makopo hayo yangalipo hadi leo, na ukiinama utayaona yaking'aa kijani na nyekundu.

Na kwa nini fundi wa milango na mabenchi ahangaike hivyo? Kwa sababu ya magitaa. Chukua gitaa ambalo uzi wake, kutoka juu ya shingo hadi pale unapokalia kwenye mwili, ni milimita 648. Vile vyuma vidogo vinavyokatisha shingo, ambavyo wapigaji huviita freti, haviwekwi kwa kukadiria. Urefu wote hugawanywa kwa 17.817, na jibu ndilo umbali wa freti ya kwanza: milimita 36.37. Kinachobaki hugawanywa tena kwa namba ile ile, ikapatikana ya pili, na kuendelea hivyo, hata ya kumi na mbili ikaangukia nusu kamili, milimita 324. Kila freti hukaa katika mfereji wenye upana wa nusu milimita na ushei. Kwa msumeno wa mkono ni kazi ya mchana mzima, na ukiteleza umeharibu ubao wa mpingo uliokauka kwa miaka. Mashine hufanya kazi hiyo kwa utulivu, ikishuka sehemu tatu za kumi za milimita kwa kila pito, kwa maana mpingo ni mgumu na kibiti chembamba hukatika upesi ukikiharakisha. (Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua. Vijana mnaochonga bila barakoa, tumekwisha kuwaambia.)

Sasa tuje kwenye bei. Kijana wa mzee, mfanyabiashara hodari, aliangalia bei ya mashine mpya ya kiwandani, akaongeza usafiri na ushuru, akasema hiyo ndiyo bei. Dalali mmoja alikuja, akaizunguka mara moja, akaipiga teke la taratibu mguuni, akatoa bei ya chuma chakavu kwa kilo: haikufika laki mbili. Mzee mwenyewe alitaka milioni tatu na nusu tu, amalize. Vipande pekee vilikuwa vimemgharimu zaidi ya milioni sita. Mnunuzi naye alikwisha kupatikana: seremala kijana kutoka Mafinga, kule kwenye mbao za Sao Hill, ambaye alikuwa amepata kazi ya kutengeneza samani za shule na alitaka mashine kabla ya mwezi kwisha. Habari ya mwezi kwisha ilimfikia kijana wa mzee, naye akaona hapo pana nafasi ya kupandisha.

Katika seminari tulisomeshwa jambo hili, ingawa wakati ule tulilidhania kuwa la soko la Paris katika karne ya 13. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika swali la 77 la sehemu ile ya Summa Theologiae inayohusu haki, anauliza kama ni halali kuuza kitu kwa zaidi ya thamani yake. Anatofautisha mambo mawili ambayo sokoni huchanganywa kila siku. Kama muuzaji anapata hasara kwa kuachana na kitu chake, hasara hiyo inaweza kuingizwa katika bei kwa haki. Lakini kama mnunuzi ana shida kubwa ya kitu hicho, na muuzaji hapotezi chochote cha ziada, shida ile haiuzwi, kwa sababu ni ya mnunuzi, na hakuna awezaye kuuza kisicho chake.

Tulimweleza kijana hivyo, jioni moja, tukiwa tumeketi karakanani juu ya magogo ya mkongo. Alinyamaza, kisha akasema, “Lakini Padre, yeye angepata nafasi kwetu asingetuhurumia.” Inawezekana. Hata hivyo kazi ya shule ilipatikana Mafinga, kwa jasho la mtu wa Mafinga, na hatukuona ni kwa njia gani sehemu yake ingekuwa mali ya karakana ya Dar es Salaam.

Upande wa pili tulibishana na mzee. Unyenyekevu wake ulikuwa unamwibia. Bei ya milioni tatu na nusu ilihesabu vyuma vilivyochakaa na kuacha miezi miwili ya makopo ya soda, michoro ya viti na milango aliyoikusanya kwa miaka, na vielelezo vya mwili wa gitaa ambavyo kila kimoja kilimla mbao tatu au nne kabla ya kukaa sawa. Fundi anayejipunja huwafundisha wanunuzi wote wa mtaa kwamba kazi ya fundi ni bure, na mafundi vijana ndio watakaolipa. Tulimwambia, “Mzee, hapo hujamhurumia mnunuzi, umewaumiza wanafunzi wako.” Hakupenda kuambiwa hivyo, lakini alichukua kalamu akaanza kuhesabu upya.

Lililotugusa kuliko bei lilikuwa suala la kasoro. Mtakatifu Tomaso anasema muuzaji amefungwa kuitaja kasoro iliyofichika inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima uitangaze, ilimradi bei iwe imeshushwa kadiri yake. Mashine ya mzee ilikuwa na kasoro za wazi nyingi: kutu iliyoletwa na hewa ya pwani, meza iliyoungua upande mmoja, kompyuta ya kizamani. Mnunuzi aliziona kwa macho yake. Lakini zilikuwapo mbili ambazo hakuna ambaye angeziona.

Ya kwanza ilikuwa ulegevu katika skrubu ya kushoto na kulia. Nati yake yenye gololi ilikuwa imeliwa, hivyo kila daraja linapogeuza mwelekeo hupotea karibu sehemu tatu za kumi za milimita kabla ya kusogea. Mafundi husema mashine ina “pleyi”. Kwa mlango haionekani. Kwa mfuko wa gitaa, yaani lile shimo ambamo shingo hukazwa kwenye mwili, ni tofauti kati ya shingo iliyosimama imara na shingo inayotikisika. Mzee aliishi na ulegevu huo kwa miaka miwili, kwa hila ya fundi: programu zake zote ziliandikwa kisu kiingie kila mfereji kutoka kushoto, hivyo upotevu ule ulikuwa umekwisha kumezwa kabla ya kuanza kukata. Mashine ilitoa kazi nzuri mikononi mwake, na ingemsaliti mtu mwingine siku ya kwanza. Hebu fikirini: kumwonyesha mnunuzi gitaa zuri lililotoka kwenye mashine ile kungekuwa kusema kweli, na wakati huo huo kungekuwa kumdanganya.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mashine ina kitufe chekundu cha dharura. Ukikibonyeza, daraja husimama mara moja. Lakini mota ya kukatia ilipata umeme wake kupitia kifaa kingine, kile kinachoipa kasi, ambacho mzee alikifunga baadaye kwa waya wake peke yake. Kitufe hakikuigusa. Daraja lingesimama na kisu kingeendelea kuzunguka, na mtu aliyebonyeza kitufe chekundu hupeleka mkono akiamini kwamba hatari imekwisha. Mzee alilijua hilo, na kila mara alizima swichi mbili. Kijana wake alishauri lisisemwe, kwa hoja kwamba mnunuzi ataligundua mwenyewe. Ataligundua kwa nini? Kwa kidole?

Mzee hakutaka hata kulizungumza. Alimwita fundi umeme, akanunua kontakta, na kazi ya siku mbili ikafanyika ili kitufe kikate vyote pamoja. Kwa ajili hiyo mauziano yaliahirishwa kwa juma zima, na tuliogopa kwamba mnunuzi angechoka kungoja. Nati iliyoliwa hakuibadilisha, kwa kuwa mpya ingechukua majuma kufika. Aliamua kuionyesha.

Tulikuwapo siku ya majaribio. Mnunuzi alifika asubuhi na mapema, akaamkia, “Shikamoo baba,” akaitikiwa, akapewa chai kabla ya kuonyeshwa chochote. Kisha mzee akafunga ubao wa mninga mezani na kuiagiza mashine ikate duara la milimita 100 bila hila yoyote, akampa kijana kalipa apime. Duara lilikuwa na vibapa viwili, kimoja ubavu wa kushoto na kimoja ubavu wa kulia, pale ambapo daraja hugeuza mwendo wake wa kushoto na kulia. Halafu akakata mfuko wa gitaa kwa njia yake ya kuingilia kushoto, akatoa shingo kutoka rafuni, akaipachika. Ilisimama bila skrubu hata moja. “Umeona yote mawili,” alisema. “La kwanza ni la mashine. La pili ni la kwangu, na nitakufundisha.”

Alimwambia na jambo lingine ambalo hakulazimika kulisema. Alikuwa amesikia kwamba karakana moja ya upande wa Keko inakusudia kuuza mashine ya kiwandani, changa kuliko hii. Wasomaji wa Cicero wataikumbuka hadithi yake ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa, akijua merikebu nyingine ziko njiani. Je, awaambie wenye njaa, au auze kwanza? Cicero anataka aseme. Mtakatifu Tomaso anaona haki haimlazimishi, ila akisema amefanya jambo la fadhila kubwa zaidi. Kijana wa mzee alishika kichwa. Mnunuzi akaenda Keko kuitazama, akarudi saa kumi jioni, akasema bei yake ni mara mbili na hakuna aliyejua kumweleza inafanyaje kazi.

Walikubaliana milioni nne na laki nane. Ndani yake zilihesabiwa nati mpya itakayoagizwa, michoro yote, na siku tatu za mafundisho. Tuliandika hati, tukatia sahihi kama shahidi, na kasoro zote tukaziorodhesha ndani ya hati ile ile, jambo ambalo wafanyabiashara waliokuwapo walilicheka kidogo. Kijana wa mzee alitia sahihi chini yetu. Hatutasema kwamba aliridhika. Alitia sahihi, na siku ya pili alikuja kusaidia kufungua mabomba.

Siku zile tatu ndizo tulizozipenda. Mzee alikuwa na daftari la mistari, lile la shule, lenye kila kitu: kasi ya kisu kwa mninga, kwa mkangazi, kwa msindano, kina cha kila pito, mahali pa kila kopo la soda, kwa mchoro. Macho yakichoka, mnunuzi alimsomea, naye alimsahihisha. Mara mbili tulimsikia akisema, “Hapo niliandika vibaya, futa.” Reli zilipofunguliwa, kila kipande cha kopo kilibandikwa namba na kutiwa katika bahasha yake.

Mbao za mpingo hazikusafiri. Mazao ya misitu hayaendi barabarani bila hati ya kuyasafirisha, na mpingo wenyewe, pamoja na jamii yake yote, umo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES tangu Januari 2017. Ala za muziki zilizokamilika ndizo zilizoondolewa masharti hayo kuanzia mwishoni mwa Novemba 2019. Mbao tupu bado zina karatasi zake. Mzee aliona heri zibaki kuliko kumtia kijana wa watu matatani kwenye kizuizi cha barabara. Zipo karakanani, mbao kumi na nne.

Mashine ilifika Mafinga salama juu ya fuso la mbao lililokuwa likirudi tupu. Tunasikia kwamba simu hupigwa karibu kila jioni, na kwamba duara la kwanza kule lilitoka na vibapa vyake kama ilivyotarajiwa. Deni la SACCOS limelipwa. Mbao zile kumi na nne mzee ameanza kuzikata mifereji ya freti kwa msumeno wa mkono, kwa kupapasa, huku mjukuu wake akimsomea vipimo: thelathini na sita nukta tatu saba, na kuendelea. Wenye kwaya wanaohitaji kubadilishiwa ubao wa gitaa wanaweza kumwona baada ya Misa ya pili.